Saladi ya kuku imegeuka supu: kosa lilianzia wapi?

"Wifi, mwenzio nimeharibikiwa. Saladi ya kuku imetoa maji."

"Maji kiasi gani?"

"Nikiinamisha bakuli yanakusanyika upande mmoja. Nimeongeza mayonezi, ndiyo kwanza yamezidi."

"Uliweka nyanya?"

Kimya kidogo. "Mbili tu, za rangi."

Simu hiyo ilikuja Jumamosi saa nne asubuhi, na wageni wake walikuwa wanaingia saa saba. Nimepokea nyingi za namna hiyo, kwa sababu mimi ndiye ninayepikia watu saladi ya kuku kwa oda: kipaimara, komunyo, kikao cha harusi, siku ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani. Kila anayepiga huanza na mashtaka yale yale, kwamba mayonezi aliyouziwa ilikuwa mbovu. Mara chache sana ni kweli. Mayonezi huingia ya mwisho, kwa hiyo ndiyo inayokutwa pale mambo yalipoharibika. Mwenye kosa alishapita zamani, kwenye sufuria au kwenye ubao wa kukatia mboga.

Nitaanza na tatizo linalonipigisha simu nyingi kuliko yote. Ili tuelewane, vipimo vyangu ni hivi: nusu kilo ya nyama ya kuku iliyochemshwa na kuchambuliwa (kuku mzima wa kilo moja na robo hutoa kama hapo), vijiko 8 vya chakula vya mayonezi, kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu, kijiko cha chai cha haradali, tango moja, karoti moja, nusu ya pilipili hoho na nusu kitunguu. Ukiona tatizo lako halimo humu, linganisha kwanza vipimo vyako na hivi.

Maji yamejaa chini ya bakuli

Asiyewahi kuliona hili hajawahi kutengeneza kachumbari. Kata nyanya na vitunguu, tia chumvi, acha mezani ukisubiri pilau iive. Ukirudi, chini kuna maji. Kwenye kachumbari maji yale ni utamu, watu wanayagombea. Kwenye saladi ya mayonezi ni msiba, maana yanaichuja krimu yote kutoka kwenye nyama na kuiacha ikielea.

Chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga, na chumvi imo ndani ya mayonezi yenyewe hata kama hukuongeza chembe. Sasa angalia unachokiingiza: tango ni maji kwa asilimia 95 hivi, nyanya nayo iko papo hapo. Karoti ni kama 88, tena maji yake hayatoki kirahisi, ndiyo maana karoti haikusumbui. Nyanya usiiweke kabisa. Ukitaka rangi, hoho nyekundu ipo. Kama wageni lazima waone nyanya, zipange pembeni ya sinia, kila mtu achukue kwake.

Tango lina dawa. Lipasue kwa urefu, kwangua mbegu zote kwa kijiko cha chai mpaka ubaki na mfereji mkavu, kisha kata vipande vidogo. Nyunyizia nusu kijiko cha chai cha chumvi, changanya, acha kwenye chujio dakika 20. Halafu weka kwenye kitambaa safi cha pamba, kusanya ncha, sokota kama unayekamua tui. Mara ya kwanza niliyafanya haya juu ya sinki na sikuona kitu. Mara ya pili nikaweka bakuli chini: tango moja lilinipa karibu robo kikombe cha maji ya kijani. Hayo yote yalikuwa yakiingia kwenye saladi yangu miaka yote hiyo, na mimi nalaumu kiwanda. Vipande vilivyobaki kwenye kitambaa vimesinyaa kidogo lakini vinalia vizuri mdomoni. Vionje kabla ya kuongeza chumvi nyingine, maana tayari vina chumvi yake. Kabichi pia ifanyie hivyo hivyo.

Maji mengine hutoka kwa kuku mwenyewe. Kuku aliyeganda akichemshwa kabla barafu haijayeyuka yote huiva nje ndani bado baridi, na huendelea kuvuja hata baada ya kuchambuliwa. Myeyushe ndani ya friji, na kuku mzima mpe siku nzima. Akitoka kwenye sufuria, mwache achuruzike kwenye chujio. Na tafadhali, usimfunike akiwa wa moto. Ukiona kifuniko kinatokwa na machozi, machozi hayo yanarudi kwenye nyama. Mwache wazi apoe mvuke wote utoke, umkinge na nzi kwa chandarua cha chakula au kitambaa chepesi.

Wapo wanaopunguza mayonezi kwa kuchanganya na mtindi, nami napenda, ladha inakuwa nyepesi. Ila mtindi wetu una maji mengi. Umwage kwenye kitambaa ndani ya chujio, weka friji usiku kucha, asubuhi utakuta maji ya manjano chini na kitu kizito kama jibini laini juu. Nusu ya ujazo kuondoka ni kawaida, kwa hiyo nunua mara mbili ya unachohitaji.

Na kama maji yameshatoka, wageni wako mlangoni? Usiongeze mayonezi. Hapo ndipo wifi yangu alipopotea. Mimina saladi yote kwenye chujio, iache dakika 15 bila kuikoroga, irudishe kwenye bakuli kavu, kisha tia mayai mawili ya kuchemsha yaliyopondwa na vijiko viwili vya mayonezi mpya. Kiini cha yai lililochemshwa hunywa maji yaliyobaki na kuirudisha krimu. Kiazi kilichochemshwa na kupoa kinafanya kazi hiyo pia. Ila saladi iliyookolewa hivi iliwe siku hiyo hiyo.

Mafuta yanang'aa juu, mayonezi imekatika

Hili nililifanya mimi, tena kwenye oda ya watu. Kipaimara, watu 60, umeme ulikatika asubuhi nikachelewa kuchemsha. Nikachambua kuku akiwa bado anatoa moshi, nikamimina mayonezi juu, nikakoroga kwa haraka. Kwa dakika mbili ikaonekana sawa. Kisha pembeni mwa beseni pakaanza kujitokeza mstari wa njano unaong'aa, na nyama ikabaki na vipunje vyeupe kama maziwa yaliyoganda vibaya.

Kila aliyepika mchuzi wa nazi anajua tui likiachwa lichemke bila kukorogwa linakatika. Mayonezi nayo ina tabia hiyo. Ni mafuta yaliyovunjwavunjwa kuwa matone madogo mno, yakashikizwa na kiini cha yai yasikutane. Joto likizidi, ule ushikizo unaachia, matone yanakutana, mafuta yanarudi kuwa mafuta. Baridi kali hufanya vilevile: saladi ya mayonezi ikiingia friza na kuganda, ikiyeyuka itakuwa imekatika. Usiihifadhi friza hata siku moja. Angalia pia chupa yako ya mayonezi isikae kwenye ukuta wa nyuma wa friji inayogandisha, utailaumu bure.

Nyama iliyochambuliwa itandaze kwenye sinia pana, safu nyembamba. Ndani ya dakika 20 au 30 itakuwa imepoa, ingiza friji mpaka iwe ya baridi kabisa. Kipimo changu ni kuuzika mkono uliooshwa katikati ya rundo: nikihisi uvuguvugu wowote, bado.

Ikishakatika ndani ya nyama, sitakudanganya, hairudi kuwa kama mwanzo. Ingiza friji ipoe, kisha chuja mafuta, futa bakuli, changanya na mayonezi mpya. Italika. Picha ya kuweka kwenye simu haitatoka.

Mayonezi ya kutengeneza nyumbani haishiki

Hapa kosa ni moja kati ya mawili: mafuta yalimiminwa haraka, au yalikuwa mengi kuliko kiini. Kiini kimoja hubeba mililita 200 za mafuta bila kulalamika. Anza na kiini, maji ya ndimu na haradali kwenye blenda, kisha mafuta tone kwa tone, nasema tone, mpaka uone imeanza kuwa nzito na mlio wa blenda umebadilika ukawa wa kukoroma. Baada ya hapo unaweza kumimina kama uzi mwembamba.

Ikigoma na kubaki kama maji, usiimwage. Osha blenda, weka kiini kipya na kijiko cha chai cha maji, washa, halafu ile iliyoharibika irudishe kidogo kidogo kana kwamba ndiyo mafuta. Itashika.

Ikiwa chungu, uliza mafuta. Mafuta ya zeituni yale ya kijani mazito yakipigwa kwa nguvu kwenye blenda hutoa uchungu. Tumia alizeti.

Kuhusu mayai mabichi: yanaweza kuwa na salmonela (bakteria wa kuumiza tumbo), na hakuna jicho linaloweza kuiona. Kwa watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa natumia ya dukani, au natengeneza ya maziwa isiyo na yai: mililita 100 za maziwa ya baridi yenye krimu yake, mililita 200 za mafuta ya alizeti, chumvi, vyote kwenye blenda ya mkono. Unaikandamiza chini, unawasha, na unapoipandisha polepole krimu inajitengeneza. Ndimu unatia mwishoni. Inakuwa nyeupe zaidi, na hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza yai liko wapi.

Kuku mkavu, anatafunika kama pamba

Tatizo hili limetokana na mapenzi. Tumelelewa na kuku wa kienyeji, tukazoea kwamba kuku ni wa kuchemshwa mpaka jirani asikie harufu. Kuku wa kisasa anauzwa akiwa na wiki tano hadi sita tu. Nyama yake ni changa. Ukimpa saa nzima motoni, nyuzi za kidari hujikunja na kukamua maji yote nje, na supu inakuwa tamu kuliko kuku. Halafu tunaongeza mayonezi ili kuficha ukavu, na saladi inakuwa nzito, mafuta matupu, huku nyama ndani bado ni ile pamba.

Weka kidari kwenye maji ya baridi yenye chumvi, kipande cha tangawizi, kitunguu saumu na kitunguu maji. Chumvi isionewe haya, vijiko viwili vya chai kwa lita, maana nyama isiyo na chumvi ndani haiokolewi na mayonezi ya nje. Maji yakianza kuchemka, shusha moto mpaka viputo viwe vinapanda kimoja kimoja. Dakika 12 hadi 15 zinatosha kidari cha wastani. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, sehemu nene kabisa isome nyuzijoto 74. Ukiwa huna, choma kwa kisu hadi katikati: maji yatoke meupe, na nyama isiwe na uwaridi. Akishaiva, zima moto, mwache dakika 15 ndani ya supu hiyo kabla ya kumtoa, na hapo ndipo anaporudisha unyevu kidogo.

Binafsi nachanganya kidari na mapaja. Paja linavumilia. Ukilisahau dakika kumi halikununii.

Na jogoo wa kienyeji? Anafaa, ladha yake haina mpinzani, lakini ni safari nyingine. Saa moja na nusu mpaka mbili kwa moto mdogo, na nyama uikate vidogo kukingama na nyuzi badala ya kuichambua kwa urefu, la sivyo wageni watakuwa wanatafuta vijiti vya meno kabla ya keki.

Kama kuku ameshakauka, mkate vidogo kukingama na nyuzi hivyo hivyo, mnyunyizie vijiko vitatu vya supu yake ikiwa vuguvugu, mfunike dakika kumi. Supu isiyonyweka imwage, usije ukarudi kwenye tatizo la kwanza. Kisha apoe, ndipo mayonezi.

Jana ilikuwa laini, leo imekauka

Viazi au makaroni. Vyote viwili vina wanga na vinaendelea kunywa usiku kucha. Mayonezi haikupotea, imo ndani ya makaroni. Gawa mayonezi yako mafungu mawili: theluthi mbili changanya leo, theluthi moja iweke pembeni uongeze dakika tano kabla ya kupakua. Viazi vichemshwe na maganda, na vikatwe vikiwa vimepoa, kwa sababu kiazi cha moto hubonyea na saladi inageuka kuwa chakula cha mtoto anayeanza kula.

Haina ladha

Uliionja lini? Kama uliionja ikiwa haijaingia friji, ulionja chakula kingine. Baridi hufifisha chumvi na utamu. Onja tena baada ya nusu saa kwenye friji, na ukiona imepooza, anza na ndimu kabla ya chumvi. Mara tisa kati ya kumi kinachokosekana ni uchachu, siyo chumvi. Hasa kama mayonezi yako ni ile yenye sukari, na nyingi za madukani kwetu zina sukari. Haradali kijiko kimoja zaidi, pilipili manga iliyosagwa wakati huo huo, majani ya giligilani yakatwe ya mwisho kabisa.

Ikizidi uchachu, usikimbilie sukari. Ponda yai la kuchemsha, changanya.

Kitunguu kimemeza kila kitu

Kitunguu kibichi kinaendelea kukua ukali ndani ya bakuli. Saa ya kwanza kinapendeza, kesho yake friji nzima inanuka. Dawa iko kwenye kila jiko la pwani: kikate chembamba, kisugue na chumvi kwa vidole mpaka kilegee, kisuuze kwa maji mara mbili, kikamue. Ni kile kile tunachofanya kwa kachumbari, sijui kwa nini tukifika kwenye mayonezi tunakisahau. Kitunguu saumu kibichi nisingekiweka kabisa. Kilichochemkia kwenye supu ya kuku kipo tayari, kiponde hicho.

Nyama imelainika kama uji, na kuna uchungu

Nanasi. Au papai. Mtu anataka saladi ya kuku yenye tunda, anakata nanasi bichi, anachanganya usiku. Asubuhi nyama haina umbo, na kama kuna mtindi, umekuwa mchungu.

Sisi tunajua papai bichi linafanya nini kwenye nyama ya mshikaki, ndiyo maana tunalipondea humo. Lina kimeng'enya kinachokata protini, na nanasi lina chake. Kimeng'enya hakijui kwamba sasa kimewekwa kwenye saladi, kinaendelea na kazi. Nanasi la kopo halina shida kwa kuwa lilishapitia moto kiwandani. La sokoni nalo lipitishe motoni: vipande kwenye kikaango kikavu dakika tano mpaka vichemke na kuanza kushika rangi, vipoe, vikauke, ndipo viingie. Embe halina ugomvi huo. Tofaa halina pia, ila hugeuka kahawia, kwa hiyo lipake ndimu mara tu baada ya kulikata. Parachichi lipake ndimu pia, na hata hivyo usiliache mpaka kesho.

Bizari ina ladha ya vumbi

Uliitia mbichi. Saladi ya kuku yenye bizari ya mchuzi ina historia yake: mwaka 1953 huko Uingereza, Rosemary Hume na Constance Spry waliandaa kuku wa baridi kwenye mchuzi wa mayonezi na bizari kwa ajili ya karamu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Wengi wanaoiga leo wanakoroga tu unga wa bizari kwenye mayonezi. Lakini mapishi yale ya awali yalianza na kitunguu kikikaangwa kwenye mafuta, bizari ikaingia humo ikaiva, ndipo mchuzi uliopoa ukachanganywa na mayonezi. Mpishi yeyote wa pwani angekwambia vivyo hivyo bila kwenda London: bizari isiyokaangwa inakwaruza koo. Kijiko cha chakula cha mafuta, kitunguu kidogo, kijiko cha chai na nusu cha bizari, moto mdogo dakika mbili, ipoe kabisa.

Ina harufu, au ilikaa nje na huna uhakika

Hapa utani unaisha. Watu husema mayonezi ndiyo inayoumiza matumbo kwenye sherehe. Mayonezi ya kiwandani ina uchachu wa kutosha kuzuia bakteria wengi. Anayeumiza ni kuku aliyeiva kisha akashikwashikwa na kuachwa kwenye joto, pamoja na viazi. Kuna bakteria, Staphylococcus aureus, anayeishi kwenye pua na ngozi za watu wazima wenye afya zao. Tunapomchambua kuku kwa vidole, anahamia. Akipata joto na saa chache, anatengeneza sumu, na sumu hiyo haivunjwi kwa kupashwa moto. Kwa hiyo "niirudishe kwenye kikaango" siyo jibu. Mimi nachambua kwa uma mbili, na mwenye kidonda mkononi simruhusu kabisa kushika kuku aliyeiva.

Saladi isikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, na Dar es Salaam ya Januari na Februari hufika hapo mchana bila kuombwa, hesabu ni saa moja. Saa hizo zinajumlishwa: nusu saa kwenye bajaji, nusu saa meza ikipangwa, risala ya mgeni rasmi. Kwa oda za mbali bakuli linasafiri ndani ya kasha lenye barafu, na linatolewa nje dua ikianza, siyo kabla. Ndani ya friji yenye nyuzi 4 inakaa siku tatu, nne kwa wenye moyo. Siku ya mgao wa umeme ukakatika tangu asubuhi mpaka usiku, ihesabu kama iliyokaa nje.

Kunusa hakusaidii. Saladi inayougua inaweza kunukia vizuri tu. Ukikumbuka kwamba ilikaa mezani tangu saa saba na sasa ni saa kumi na mbili, mwaga. Najua bei ya kuku. Mwaga.

Mkate unalowana kabla ya kufika kazini

Hili ni dogo. Paka siagi nyembamba pande zote mbili za mkate mpaka kwenye kingo, mafuta yake ni ukuta wa kuzuia unyevu. Weka jani la saladi lililokaushwa kwa kitambaa chini, saladi ya kuku katikati. Ukiwa na safari ndefu, beba mkate mbali na saladi kwenye kikopo, ukutanishe ukifika.

Na wifi? Aliichuja. Alinitumia picha ya kikombe: maji yamejaa mpaka juu, ya rangi ya waridi kwa sababu ya zile nyanya mbili za rangi. Chini ya picha akaandika kwamba ameyaonja na hayana ubaya wowote, anafikiria kuyamwagia kwenye pilau.